Samaki na mboga juu ya chelezo: Kinachopaswa kutangulia kabla ya kununua vifaranga

MKAZI wa mjini mwenye ua wa mita chache za mraba anaweza kuvuna mboga za majani na samaki kutoka katika maji yaleyale, bila udongo na bila kuyamwaga maji hayo kila wiki. Mfumo huo huitwa akuaponiki. Aina yake inayowafaa zaidi wanaotaka mboga za majani ni ile ya chelezo, ambamo mimea hupandwa kwenye bodi nyepesi zinazoelea, huku mizizi yake ikining'inia majini.

Ni kazi inayopendeza machoni, na pengine ndiyo maana wengi huianza kwa pupa. Tangi, pampu na vifaranga wa samaki hununuliwa siku moja, samaki wakatiwa katika maji mapya jioni ileile, na kabla ya wiki mbili kwisha wanaonekana wakielea, wamekufa. Mwenye nyumba huilaumu mbegu ya samaki au maji ya bomba. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Samaki wameuawa na sumu waliyoitoa wenyewe, katika maji ambayo hayakuwa na kitu cha kuiondoa.

Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza huiongeza. Ikivuka miligramu moja kwa lita amonia huwa hatari, na ukali wake huzidi maji yanapokuwa ya joto na yenye pH ya juu. Katika maji yaliyokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa, na kwa mimea ndiyo mbolea yenyewe.

Kwa hiyo anayeanzisha mfumo huu anafuga viumbe wa aina tatu kwa pamoja, na wale wasioonekana kwa macho ndio wanaopaswa kutangulia.

Mfumo wa chelezo kama unavyotumika leo ulifanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kisiwa cha St. Croix, Visiwa vya Virgin vya Marekani. Kuanzia miaka ya 1980, Dk. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin walitafuta njia ya kuzalisha chakula katika kisiwa chenye uhaba wa maji. Mfumo wao ulihitaji kuongezewa takribani asilimia 1.5 tu ya maji yake kwa siku.

Ulipofikia ukubwa wa kibiashara ulikuwa na matangi manne ya samaki, kila moja la lita 7,800, na mahodhi sita ya mimea yenye jumla ya mita za mraba 214. La kujifunza hapo si ukubwa, bali ratiba. Kila tangi liliwekewa samaki kwa zamu yake na kuvunwa baada ya wiki 24, hivyo kila baada ya wiki sita tangi moja lilikuwa tayari. Kwa kuwa samaki wa rika mbalimbali walikuwapo wakati wote, chakula kilichoingia majini kwa siku hakikupanda wala kushuka sana, na mboga hazikupata shibe leo na njaa kesho.

Katika kazi hiyo ndimo ulimotoka uwiano ambao kila mwenye mfumo wa chelezo hana budi kuufahamu: mfumo hupimwa kwa gramu za chakula cha samaki zinazotiwa kila siku kwa kila mita ya mraba ya mimea. Rakocy alipendekeza gramu 60 hadi 100. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu akuaponiki ya kiwango kidogo, linapendekeza gramu 40 hadi 50 kwa mboga za majani, na 50 hadi 80 kwa mimea ya matunda kama nyanya. Nyumbani, ambako hakuna maabara wala mlinzi wa usiku, ni busara kushika kiwango cha chini.

Tuchukue mfano wa kaya yenye tangi la samaki la lita 1,000 na chelezo cha mita za mraba tatu, ambao ni ukubwa wa kawaida wa kuanzia. Kwa gramu 45 kwa kila mita, chakula cha siku ni gramu 135. Sato anayekaribia kukomaa hula kiasi cha asilimia moja hadi mbili ya uzito wake kwa siku. Tukishika asilimia moja na nusu, samaki wanaohitajika ni wa jumla ya kilo tisa, yaani samaki 30 wenye gramu 300 kila mmoja.

Thelathini tu? Ndivyo watu wanavyouliza, kwa sababu tangi la lita 1,000 likiwa na samaki 30 huonekana tupu. Hapo ndipo kishawishi cha kuongeza samaki 100 kinapoingia, na miezi mitatu baadaye, wanapokuwa wamekua, hewa na bakteria havitoshi tena.

Kosa la upande wa pili nalo ni la kawaida. Vifaranga 30 wenye gramu 20 kila mmoja wana uzito wa gramu 600 tu, na hata wakila asilimia tano ya uzito wao kwa siku, chakula ni gramu 30. Hicho hakilishi hata mita moja ya mraba ya mboga. Mwenye kupanda chelezo kizima siku ya kwanza ataona majani yakigeuka manjano na kudhani kuwa mfumo haufai. Apande robo ya chelezo kwanza, aongeze kadiri samaki wanavyokua.

Katika ujenzi, tangi la samaki linaweza kuwa la plastiki la kuhifadhia maji au lile la mraba la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, mradi ijulikane lilibeba nini kabla. Lililobeba kemikali lisiguswe hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Hodhi la mimea hujengwa kwa mbao au matofali na kutandikwa turubai nzito lisilovuja, likiwa na kina cha sentimeta 30 hivi. Mabomba yawe ya plastiki. Shaba na mabati yenye zinki hayafai kugusa maji hayo, kwani madini yake huyeyuka na kuwadhuru samaki.

Chelezo chenyewe ni bodi ya polistirini, ile nyeupe na nyepesi kama inayofungashiwa televisheni, lakini iliyo ngumu na yenye unene wa sentimeta tatu hadi tano. Hutobolewa matundu 20 hadi 25 kwa kila mita ya mraba kwa ajili ya saladi. Katika kila tundu hukaa kikombe kidogo cha plastiki chenye matobo, ambacho ndani yake mche hushikiliwa kwa kokoto ndogo au nyuzi za makumbi ya nazi yaliyooshwa vizuri. Bodi ifunike hodhi lote. Mwanga ukipenya majini mwani huota, na mwani hula mbolea ya mboga na kunyonya hewa usiku.

Kati ya samaki na mimea lazima kuwe na vichujio viwili, na hapa mfumo wa chelezo hauna msamaha. Katika mifumo ya kokoto, kitalu chenyewe huchuja. Katika chelezo, kinyesi kisichochujwa huenda moja kwa moja kugandamana kwenye mizizi, ikaoza. Pipa la kwanza la lita 200 hupokea maji kutoka tangini kwa mzunguko wa taratibu ili uchafu utulie chini na kutolewa kila siku au kila baada ya siku mbili. Uchafu huo ni mbolea nzuri ya mgomba au mpapai wa uani.

Pipa la pili ni makazi ya bakteria. Wanahitaji uso mkubwa wa kushikilia na hewa nyingi, na kitu rahisi kuliko vyote ni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji na soda, ambavyo FAO nayo inavitaja. Mifuko kadhaa ya vifuniko hivyo, vikioshwa na kumiminiwa pipani, hufanya kazi ya vifaa vya dukani.

Pampu moja yenye uwezo wa lita 2,000 kwa saa hutosha. Hukaa mwishoni mwa pipa la pili, na maji yake hugawanywa: takribani asilimia 80 hurudi kwa samaki, asilimia 20 huenda kwenye hodhi la mimea kisha hurejea pipani. Samaki wanahitaji maji yapite kwa kasi, mimea haina haraka hiyo. Mdomo wa bomba linalotoa maji tangini uwekwe juu, ili hata bomba likipasuka nje tangi lisikauke.

Wanaofikiria kuweka mfumo juu ya paa la ghorofa wakumbuke kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000, hodhi la mita za mraba tatu lenye maji lita 900 na mapipa mawili vinazidi tani mbili. Hilo ni suala la mhandisi wa majengo, si la fundi bomba.

Baada ya kujaza maji, samaki bado hawanunuliwi. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku moja au mbili huku hewa ikipulizwa, kwa kuwa klorini huwaua bakteria vilevile kama inavyokusudiwa. Kisha pampu huwashwa na kiasi kidogo cha chakula cha samaki hutiwa kila siku kioze na kutoa amonia. Kopo la vifuniko au kokoto kutoka kwa mtu mwenye mfumo wenye afya huharakisha mambo kwa kuleta bakteria tayari.

Kipindi hiki huchukua wiki tatu hadi sita. Amonia hupanda kwanza. Baadaye huanza kushuka na nitriti hupanda. Mwishowe vyote viwili hushuka karibu na sifuri na nitrati huonekana. Bila kupima, hakuna anayeweza kujua hatua iliyofikiwa, kwa maana maji yenye sumu na maji safi yana rangi ileile. Vipimo vya matone vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa urembo vinatosha, na anayeona ni ghali alinganishe na bei ya vifaranga 30 wanaokufa.

Baada ya hapo adui mkubwa ni kukatika kwa umeme. Katika miji yetu hili si jambo la kuwazia tu, ni la kupangia. Sato wa kilo moja hutumia takribani miligramu 200 hadi 300 za oksijeni kwa saa, zaidi anapokuwa ametoka kula. Samaki wa kilo tisa katika lita 1,000 watapunguza oksijeni kwa miligramu mbili au zaidi kwa kila lita kila saa. Maji ya joto la nyuzi 28 hayashiki zaidi ya miligramu nane kwa lita, na samaki wanapaswa kuwa na tano au zaidi. Pampu ikizimika saa sita usiku, alfajiri inaweza kuwakuta wakihema juu ya maji, au wameshatulia kabisa.

Dawa yake ni pampu ndogo ya hewa ya volti 12 yenye mawe ya hewa, betri ya gari au ya sola, na swichi inayojiwasha umeme unapokatika. Pampu ya maji inaweza kusimama kwa saa kadhaa bila madhara makubwa, ya hewa haiwezi. Kwa maoni ya mwandishi, asiye na uwezo wa kununua betri hiyo asinunue samaki kwanza. Umeme ukikatika, kulisha pia kusimame.

Njia nyingine ni kubadili samaki. Kambare ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo huvuka usiku wa giza ambao ungemuua sato. Tatizo lake ni kwamba huruka na kutambaa, tangi lazima lifunikwe kwa wavu imara, na zipo kaya ambazo kwa imani yao hazili samaki asiye na magamba. Wavu huo ungewekwa hata kwa sato, kwa ajili ya ndege na zaidi kwa ajili ya watoto wadogo.

Anayechagua sato atafute vifaranga wa kiume pekee. Sato waliochanganyika huanza kuzaana wakiwa bado wadogo, tangi likajaa samaki wasiokua. Vituo vya serikali vya uzalishaji wa samaki, kama Kingolwira mkoani Morogoro na Sagana nchini Kenya, ni mahali pa kuulizia mbegu na mafunzo. Vifaranga wenye gramu 50, katika maji ya nyuzi 27 hadi 30 na chakula kizuri, hufikia gramu 500 kwa miezi sita hadi minane. Dar es Salaam, Mombasa na Tanga zina joto hilo bila kulipia. Nairobi na Arusha, ambako usiku wa Julai ni wa baridi, sato hudumaa pasipo banda la nailoni la kutunza joto.

Kwa mboga, mambo hugeuka. Saladi hustawi vizuri kwenye hali ya ubaridi, na wiki nne au tano baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni huwa tayari. Katika joto la pwani huharakisha kutoa maua na majani yake huwa machungu. Wavu wa kivuli husaidia, lakini pwani ni afadhali kupanda mchicha, chainizi, rehani na mnanaa, na saladi kuiachia miezi ya Juni hadi Agosti. Yeyote awaye, asipande chelezo kizima kwa siku moja. Akipanda robo kila wiki, atavuna robo kila wiki, na maji yatabaki na walaji wa nitrati wakati wote.

Maji ya visima virefu katika maeneo mengi ya pwani yana chumvi. Sato huivumilia, saladi haiivumilii. Maji ya mvua yanafaa zaidi, ila ni mepesi mno na huhitaji chokaa mapema.

Chokaa itahitajika kwa vyovyote, kwani kazi ya bakteria hushusha pH polepole. Kiwango kinachowafaa wote watatu ni kati ya 6 na 7. Kikikaribia 6, chokaa iliyozimwa hutiwa kidogo kidogo, kwa kupokezana na haidroksaidi ya potasiamu, na hivyo mimea hupata kalsiamu na potasiamu, ambavyo chakula cha samaki hakina vya kutosha. Kirutubisho cha tatu kinachopungua ni chuma. Majani machanga yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, chuma ndicho kinachodaiwa. St. Croix walitia miligramu mbili kwa lita kila baada ya wiki tatu, kwa kutumia chuma cha bustani kinachoyeyuka majini. Misumari yenye kutu haisaidii.

Dawa za wadudu zisahauliwe. Nyingi huwaua samaki kwa kiasi kidogo sana, na hata maji ya sabuni yakichuruzika hodhini huleta madhara. Wadudu waondolewe kwa mkono, kwa wavu, na kwa kung'oa mche ulioathirika.

Mbu ni suala la jirani pia. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotulia karibu na nyumba. Katika tangi la samaki lava huliwa. Hatari iko kwenye mapipa na pembeni mwa chelezo, ambako bodi haigusi ukuta. Mapipa yafunikwe kwa wavu wa chandarua, na samaki wadogo wa urembo watatu au wanne waachiwe hodhini wale lava.

Je, inalipa? Kwa anayetaka mchicha wa bei nafuu pekee, gunia la udongo lenye matobo ubavuni humpa mboga kwa gharama ndogo zaidi, bila pampu wala betri. Akuaponiki ina maana pale ambapo kaya inataka samaki pia, maji ni ya kununua kwa ndoo, na yupo mtu wa kuitazama kila asubuhi na jioni. Chakula cha samaki ndicho gharama isiyokoma: kwa kila kilo ya sato huhitajika kilo moja na nusu hivi ya chakula bora, na kilichohifadhiwa vibaya kikaota ukungu hakina thamani hata kikiwa cha bure.

Samaki wa kwanza kuvunwa ni wakubwa, wawili au watatu kwa wiki, na nafasi yao hujazwa na vifaranga wachache waliokaa pembeni kwa siku kadhaa wakiangaliwa kama wana ugonjwa. Siku mbili au tatu kabla ya kupikwa, samaki huhamishiwa kwenye maji safi yenye hewa bila chakula, ili matumbo yasafike na harufu ya tope itoke. Mboga huvunwa kwa mikono iliyooshwa, bila maji ya hodhi kugusa majani, na zile zinazoliwa mbichi huoshwa tena kwa maji ya kunywa.